Gari Isiyo Kelele

Watu wa mji huu wakikosa sababu ya jambo, huzua mwanamme. Juzi msibani, udongo wa kaburi la Jokha hata haujakauka, niliwasikia wanawake wawili nyuma yangu mkekani wakinong'onezana: "Ndiye huyu. Miaka sitini hawasemi. Walimgombania bwana." Nilitamani niwageukie niwaambie wafunge midomo yao wasome waliyoitiwa kusoma. Bwana gani? Katika umri wangu wote sijaona mwanamme wa kunikosanisha mimi na Jokha. Sisi tulikosana kwa sababu ya gari. Gari, ndiyo, ya chuma na mipira minne na kiti cha ngozi, na mpaka leo wajukuu wakinipakia kwenye hizi gari zao zinazokwenda kimya kama mwizi, mimi hukaa nimefunga mdomo mpaka tufike, nao hudhani naumwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Mjini katika nyumba ya Ami Nassor na dada yake, shangazi yangu Bi Ruzuna. Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani: kuingia chuo cha ualimu. Jokha, shoga yangu, nyumba yao milango mitatu kutoka kwetu, alikwisha kuingia mwaka uliotangulia, na kila Ijumaa alikuja kunisimulia ubao, chaki, ramani ya Afrika, wasichana wanavyosimama mbele ya darasa wakasikilizwa. Kusikilizwa! Katika nyumba ya Ami Nassor mimi nilisikilizwa nikiulizwa chumvi iko wapi. Fomu ya chuo ilitaka sahihi ya mzee wa nyumba, na Ami alishasema hapana mara mbili, kwa sababu walimu wanawake walipelekwa shamba, Makunduchi huko, wakalala nje ya nyumba za wazee wao. Alipokataa mara ya pili alikuwa anakula ndizi za nazi, na hakuacha kutafuna.

Sasa nieleze hizo gari, maana ndizo zenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Mbaraka, dereva wa kukodiwa aliyewachukua wanawake wa mtaa wetu tangu sijazaliwa. Tuliiita Kinu. Ilikuwa gari ya zamani, imesimama wima kama kabati, unapanda kwa kukanyaga ubao wa ubavuni, na mlango mmoja ulifungwa kwa kipande cha kanga kwa sababu kitasa kilikwisha kufa. Madirishani mlikuwa na mapazia meusi yaliyopitishwa waya, maana wakati ule mwanamke wa kiheshima hakupanda gari isiyo pazia. Kukiwasha Kinu ilikuwa kazi. Mzee Mbaraka alikwenda mbele na hendeli, akapiga bismillahi, akazungusha mara tatu, mara nne, kofia imeshamwanguka, ndipo kikohoe, kiteme moshi, kianze kutwanga. Kikianza kutwanga, basi tena. Aliyekaa nawe paja kwa paja humsikii mpaka akutie mdomo sikioni. Dereva ndiyo usimtaje. Tukitaka asimame tulivuta kamba aliyojifunga juu ya kiwiko, ncha yake ikaja nyuma kwetu: mara moja simama, mara mbili pinda. Tungeweza kuungua moto mle ndani tukapiga mayowe, na Mzee Mbaraka angetufikisha Bububu tumeshakuwa majivu.

Na kwa ajili hiyo hiyo tulikipenda. Nyumba zetu zile za mawe, watu wanazipiga picha siku hizi wanasema nzuri, nani aliwahi kusema siri ndani yake? Chini barza, wanaume wamekaa tangu alasiri na kahawa yao. Juu, dirisha la jirani liko pua na mdomo na dirisha lako, ukipiga chafya anakwambia yarhamukallah. Ngazini kuna mtu anapanda, uani kuna mtu anakoroga mchuzi. Lakini Alkhamisi tulipokodi Kinu kwenda Kidichi, shambani kwa Shangazi, tukishapita Saateni wanawake walifungua buibui zao, wakafungua na roho zao. Shangazi, ambaye nyumbani hakuwa na neno ila "inshallah" na "nazi haikukunwa vizuri", mle ndani alikuwa mtu mwingine. Alituigizia mume wake marehemu anavyokoroma. Alitutajia nani kaachwa na kwa nini hasa. Tulirudi na fenesi miguuni, kuku wamefungwa, doriani zinanuka mpaka macho yanatoka machozi, tunakula mkate wa kumimina kwa mikono yenye utomvu, tunapiga kelele juu ya kelele, na mbele yetu shingo ya Mzee Mbaraka imetulia tuli. Ndivyo tulivyolelewa. Dereva alikuwa shingo. Shingo haina masikio.

Ya pili ilikuja baada ya msimu wa karafuu, na aliyeileta ni Bwana Seif, baba yake Jokha, mfanyabiashara wa karafuu mwenye kupenda kutazamwa. Gari mpya! Rangi ya buluu iliyopauka, chini chini, pana, mbele imejaa nakshi za kung'aa kama meno ya dhahabu. Mtaani haikuweza kuingia, vichochoro vyetu vinapita punda na mwenye punda tu, kwa hiyo ilisimama kule barabarani na watu wakatoka kwenda kuiangalia kama wanakwenda kumwona bibi arusi. Wanawake wakaiita Hariri. Hakuna hendeli, dereva anabonyeza tu. Kioo kinashuka kwa kuzungusha kijimkono. Kiti ukikaa kinakumeza. Mama yake Jokha alitia mapazia ya rangi ya maziwa, yenye maua, si kama yale meusi yetu ya Kinu yaliyonuka moshi. Na dereva wake, Sudi, kijana wa kuajiriwa mwenye shati jeupe na nywele za mafuta, alitandika shuka kabla hatujakaa, akatuambia fenesi halipandi humu. Kuku pia hawapandi. Nikamwambia, "Na sisi tunapanda, au tufungwe juu ya paa?" Akaenda kushika usukani. Sikumpenda tangu siku hiyo, wala sidai kwamba nilikuwa na sababu nyingine.

Shangazi alimaliza safari moja tu kwenye Hariri akasema haitaki, imemtia kichefuchefu, gari isiyotikisika utajuaje kama inakwenda? Wengine wote walimcheka. Mimi nilimcheka zaidi. Nilikuwa mjinga wa kuona kila kipya ni kizuri, na kila nilipopita karibu na Kinu kimejiinamia kivulini mwake, kimechuruzika mafuta chini, nilikionea haya. Mzee Mbaraka aliniona siku moja nashuka kwenye Hariri. "Shikamoo, Mzee Mbaraka." "Marahaba, mwanangu. Umepata gari ya kifalme." Nikatabasamu kwa kiburi. Nikikumbuka lile tabasamu natamani kujitia kofi.

Haya. Siku yenyewe tulikuwa tunatoka Kidichi, mimi na Jokha peke yetu, Shangazi kabaki shambani kwa kuwa wachumaji walikuwa wamegombana. Mapazia yameshushwa. Njia imelala, minazi inapita, Hariri inakwenda kama inateleza juu ya sabuni, na Jokha kalaza kichwa begani kwangu. Nikamwambia. Sikuinama, sikunong'ona. Kwa nini ninong'one? Nimezoea kusema garini. Nikasema, "Jokha, fomu nshaipeleka."

Akainuka. "Ami kakubali?"

"Kakubali wapi! Nimemtilia sahihi mwenyewe. Sahihi ya Ami Nassor naijua mimi kuliko anavyoijua yeye, ule mkia wa mwisho nimeuvuta mpaka ungedhani kalamu ni yake."

"Mungu wangu, Zuwena!" Kisha akacheka, kacheka mpaka kajifunika uso na buibui. "Watakutia jela!"

"Wakinitia jela nitawafundisha wafungwa."

Tulicheka mpaka Bububu. Alinishika mkono akasema, "Sisemi. Wallahi sitamwambia mtu, hata mto wangu wa kulalia." Na mimi nikamwamini, kwa nini nisimwamini, tulikuwa chanda na pete. Ndani ya gari tulikuwa wawili. Hivyo ndivyo nilivyohesabu.

Siku nne baadaye, baada ya alasiri, nilikuwa orofani nakunja nguo karibu na dirisha, na chini barzani Bwana Seif kaja kukaa na Ami. Nilisikia vikombe. Nilisikia habari za bei, habari za mvua. Kisha sauti ya Bwana Seif ikashuka, na sauti ya mtu ikishuka ndipo unapoisikia. Akasema, "Nassor, mimi ni jirani yako, bora uyasikie kwangu. Huyo binti yako kajaza fomu ya chuo kwa sahihi yako. Na anajisifu kwamba sahihi ya Ami Nassor anaijua kuliko anavyoijua mwenyewe, ati mkia wa mwisho kauvuta mpaka ungedhani kalamu ni yako." Maneno yangu. Neno kwa neno, mpaka ule mkia. Nguo ziliniponyoka. Nikasikia Ami anaweka kikombe juu ya jiwe, taratibu sana, na nikajua chuo kimekwisha.

"Zuwena!"

"Labeka, Ami."

"Shuka."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga, ningekuwa na la kumlaumu. Aliniuliza mbele ya Shangazi swali moja: "Mtu anayeiba sahihi ya mzee wake, atakwenda kuwafundisha nini watoto wa watu?" Nimekaa na swali hilo miaka sitini na sijapata jibu lake, na namchukia kwa kuwa lilikuwa swali zuri. Asubuhi yake alivaa kanzu safi na joho, akaenda chuoni mwenyewe, akaitoa fomu yangu, akawaeleza sababu. Akawaeleza! Kwa hiyo hata mwaka wa pili, hata Ami angekuja kulainika, mlango ule ulikwisha kupigwa komeo, jina langu likawa jina la msichana mwizi wa sahihi.

Nilikwenda kwa Jokha mchana ule ule. Nilimkuta katika chumba cha nyuma anapanga vileja kwenye sinia, unga mpaka usoni, na aliponiona alifurahi. Huo uso wake wa furaha ndio ulionipandisha wazimu. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia yeye kashapata chuo chake, ramani yake na chaki yake, ndiyo maana hakutaka mwenziwe apate. Alisimama mikono imejaa unga.

"Zuwena, sikusema."

"Nani basi kasema? Pazia?"

"Sijui. Wallahi sijui. Sijamwambia Baba, sijamwambia mtu."

"Usiape! Maneno yangu yametoka kinywani mwa baba yako kama yalivyo. Tulikuwa wawili, Jokha. Mimi sikujisema. Kabaki nani?"

Na yeye pia alihesabu kama nilivyohesabu mimi. Nilimwona anafikiri, anatafuta, hapati. Akalia. Nikamwambia machozi yake akapikie vileja, nikatoka, mama yake ananiita ngazini, sikugeuka.

Baada ya hapo miezi ilipita mimi nimekaa orofani nashona kofia. Kofia za wanaume, kitundu kimoja kimoja. Jokha alileta salamu mara tatu kwa Shangazi, mara tatu nikasema sijazisikia. Ijumaa nilikuwa nikimsikia anapita chini na wenziwe wa chuo, viatu vyao vinagonga mawe, na nilikuwa nikichoma sindano kwenye kitambaa kama kitambaa ndicho kilichonikosea. Mwisho wa mwaka Kinu kilikufa. Kilifia njiani, Mzee Mbaraka akazungusha hendeli mpaka mikono ikamchubuka, kisha akakiuza vipande vipande kwa mafundi, na familia moja ya Malindi ikamwajiri aendeshe gari yao mpya. Walimruhusu atuchukue sisi siku za Alkhamisi, kwa ajili ya zamani.

Mara ya kwanza alipotuchukua nilipanda kwa chuki, maana gari ilikuwa ndugu ya Hariri, kimya kile kile, kiti kile kile cha kukumeza. Tulipoondoka tu Mzee Mbaraka akaanza kusoma uradi, zile dua zake za kila siku. Kwa sauti. Saateni anasoma, Bububu anasoma, jasho linamtoka, anasoma kama maiti iko nyuma yake. Shangazi akavumilia mpaka kwenye njia ya kupandia Kidichi, akashindwa. "Mzee Mbaraka, leo umepatwa na nini? Umetusomea kutoka mjini mpaka shamba!"

Akaacha kusoma. Aliona haya, shingo yake nzima iliona haya. "Bi Ruzuna, niwieni radhi. Gari hii haina kelele. Nikinyamaza, nasikia."

"Unasikia nini?"

"Nakusikieni nyinyi. Miaka yote ile nimekuchukueni kwenye Kinu sikupata neno lenu hata moja, Mungu shahidi wangu. Hii, mtu akimeza mate namsikia. Nikaona bora nisome mimi, nisije nikasikia yasiyokuwa yangu."

Shangazi alicheka mpaka akajipiga paja. "Ala! Na madereva wenzako, nao wanasoma?"

"Wengine wanasoma," akasema Mzee Mbaraka. "Wengine wanakwenda kuwahadithia matajiri wao, wapate kuonekana watu wa maana."

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mgongo wa kile kiti, na juu ya kiti masikio mawili ya mzee, makubwa, yenye mvi, yaliyokuwepo siku zote. Sudi. Sudi na nywele zake za mafuta, hatua moja kutoka mdomoni kwangu, na mimi nimepaza sauti kama niko kwenye Kinu. Hapakuwa na haja ya kumwuliza mtu yeyote. Nilijua palepale, kabla hatujafika shambani, kwamba Jokha hakusema, na kwamba mdomo wangu mwenyewe ndio ulioniponza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nitakapowaudhi. Mngedhani niliruka kutoka garini nikakimbilia kwa Jokha. Ilikuwa milango mitatu. Sikwenda. Siku ile nilisema nimechoka, kesho yake nikasema mvua. Wiki ya pili nikaacha hata kujitafutia visingizio. Ukweli ni huu: nikienda kwa Jokha nikamwomba msamaha, ningebaki na nani wa kumchukia? Ami ni mzee wangu, kumchukia ni dhambi. Bwana Seif ni mkubwa, chuki yangu isingemfikia. Sudi ni mtu wa kutumwa, kumkasirikia ni kujishusha. Na mimi mwenyewe, hasira ya kujichukia mimi sikuwa na kifua cha kuibeba. Jokha alikuwa kimo changu. Jokha alinitosha.

Ikaja Sikukuu. Asubuhi, bado tuna harufu ya udi nguoni, mlango ukagongwa, na nilipofungua alikuwa Sudi, kashika sinia lililofunikwa kawa jipya. Alikuwa kaja kwa miguu kutoka walipoisimamisha Hariri. "Kutoka kwa Bi Jokha," akasema. "Kasema mkono wa Idi." Nilifunua. Vileja, vimepangwa duara, na katikati chupa ndogo ya mafuta ya yasmini, yale niliyokuwa nikiyapenda. Nikamtazama Sudi usoni. Akatazama chini, akatazama viatu vyake, na kama nilikuwa na shaka yoyote iliyobaki iliondoka hapo. Neno moja tu lingetosha, nami sikulisema: "Mwambie anisubiri, nnakuja." Nilifunika kawa, nikamrudishia sinia mikononi. "Rudisha," nikasema. "Mwambie kwetu hatuli vitu vya wasaliti." Nikafunga mlango. Nikasimama nyuma yake nikisikiliza nyayo zake zinakwenda, polepole, anaogopa kumwaga. Nilijua, na nikasema hivyo. Sijamwambia mtu mpaka leo ninapoandika.

Jokha alifundisha miaka thelathini na kitu. Nusu ya mji huu imejua kusoma kwa sauti yake. Tumekutana harusini, tumekutana hospitali, mara moja tumekaa benchi moja, na kila mara yeye alianza: "Shoga, hujambo?" Na mimi niligeuza uso. Alizeeka akiniamkia hivyo.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya hitima, nilikuwa nainuka kuondoka, magoti yananiuma, wale wawili wa mkekani wananitazama. Maryam, binti yake mkubwa Jokha, alikuja akapiga magoti mbele yangu. Ana macho ya mama yake. "Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba."

"Mama katuachia usia juu yako." Akanishika mkono. "Kasema alikukosea wakati wa usichana wenu. Kasema kosa lenyewe hakulijua, kafikiri umri wake wote na hakulipata, lakini alipenda umwie radhi asiende nalo. Na sisi watoto wake tunakuomba, kama liko, umsamehe."

Watu wote walikuwa wananitazama. Nilifungua mdomo, na yale maneno mengine, kwamba mkosa ni mimi, yalikuwa hapo, tayari, yameshapangika. Maryam kashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Nimemsamehe," nikasema.

Akaubusu mkono wangu akalia. "Ahsante, Bi Zuwena. Mungu akulipe kheri." Wanawake wakasema Mungu amlipe kheri, moyo huo si wa kila mtu. Wale wawili wa nyuma nao wakasema. Wakanirudisha nikae, wakanipisha penye upepo karibu na dirisha, wakaniletea kahawa kabla ya wazee wote, na mimi nikaipokea nikanywa.